Ramani ya Kukimbilia Ikae kwa Nani?

Hii ni hotuba ya Coordonnateur Léopold, mkuu wa Coordination ya Ramani ya Kukimbilia, kwa kifupi CORAKU, kama alivyoitoa katika uwanja wa shule moja ya Katindo, mbele ya wakaaji wa Goma na wakimbizi wa vita, siku ambayo tangu alfajiri mabomu yalikuwa yanasikika upande wa Sake. Maneno ni yake yote. Yaliyo ndani ya mabano ni ya wengine.

Bwana Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye Mheshimiwa mwenyewe amezuiliwa Kinshasa na kazi nzito za taifa. Bwana Chef wa quartier, mkuu wa mtaa. Mabwana chefs wa avenue, kila mmoja na avenue yake, hata wewe ambaye avenue yako ilifunikwa na lava na bado unaiongoza. Wazee wa nyumba kumi. Wachungaji, mapadri, na ninyi manabii mliotabiri mlipuko baada ya kutokea. Mama wa vyama, vijana wa moto, yaani pikipiki, vijana wa chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wachuuzi wa makala na maharagi. Ndugu zetu mliotoka Kiwanja, Kalengera, Masisi na kila mahali ambapo mtu hutoka. Wageni walioalikwa, na wageni wasioalikwa lakini wako kwenye viti vya mbele. Kila mtu kwa cheo na sifa zake, na asiye na cheo kwa uvumilivu wake: jambo!

(Ban ya makofi: tatu, tatu, moja. Baada ya ile moja, mlio mzito unasikika kutoka magharibi. Wengine wanadhani ni sehemu ya ban.)

Asanteni sana. Nasikia hata Sake wanapiga makofi.

Kwanza nijitambulishe kwa wale wachache ambao hawajaona uso wangu kwenye kitenge cha projet, mradi wetu. Mimi ni Léopold, mtoto wa hapa hapa, niliyezaliwa juu ya lava, nikasoma juu ya lava, na mpaka leo nikikanyaga udongo wa kawaida naumwa miguu, ndiyo maana Mheshimiwa alipotafuta mtu wa kuongoza CORAKU hakuhangaika, alisema tu, huyu anajua mlima, mpeni ofisi iliyo mbali nao.

(Kicheko viti vya mbele. Nyuma, watu wanafunga magodoro kwa kamba.)

Mnakumbuka Mei 2021, mlima wetu wa volkano ulipofungua kinywa. Kila mutu alikimbia kwa akili yake mwenyewe! Baba na sufuria kwenda Sake, mama na watoto kwenda barrière ya Gisenyi, kule mpakani, mbuzi kwenda ziwani, na bibi akabaki mlangoni anauliza tulisema wapi. Mimi nilitazama hali hiyo kwa macho yangu, kutoka Bukavu, nikasema: hapana, taifa haliwezi kukimbia bila coordination! Hapo ndipo wazo likazaliwa: ramani moja, ya kisasa, ndani ya intaneti, unafungua simu yako unaona wekundu mahali pa hatari, kijani mahali pa kwenda, na mshale unakuambia, mwananchi, pita hapa. Ukija moto wa mlima, pita hapa. Ikija vita, pita pale. Vikija vyote siku moja, kama ilivyo desturi yetu, mshale unajigeuza wenyewe.

(Makofi ya kweli. Mama mmoja anasimama katikati ya uwanja. Anaitwa Donatille, mchuuzi wa maharagi, aliyekimbia vita kutoka Kalengera pamoja na mama yake, muzee Uwingabire.)

(Donatille: “Pardon, Papa Coordonnateur. Ule mushale, leo unasema wapi? Mama yangu hapa, mu miguu yake imebakia safari moja tu. Nikimupeleka Sake na ni mubaya, hatarudi. Nikimupeleka barrière na imefungwa, hatarudi. Uniambie njia moja, nianze kumusindikiza polepole.”)

Swali zuri sana, mama, swali la kizalendo, na nimelipenda. Litachukuliwa kwenye point ya divers, yaani mengineyo, mwisho kabisa, maana tukianza na divers tutamaliza na nini?

(Janvier, kijana wa chukudu, kutoka nyuma: “Na mabomu, Papa, yako kwa point ya ngapi?”)

Naendelea. Ramani kama hiyo, mabibi na mabwana, haitembei yenyewe. Inahitaji logiciel, yaani programu, na programu lazima ikae mahali, kama vile roho lazima ikae ndani ya mwili. Katika atelier yetu ya kwanza, yaani warsha, iliyofanyika kwenye hoteli ya kando ya ziwa kwa sababu mawazo yanahitaji hewa, wajumbe wote walikubali kwamba ramani ni nzuri, kimbilio ni zuri, na samaki wa pale ni mzuri. Likabaki swali moja dogo, kama mbegu ya haradali. Programu tuiweke wapi? Kwenye seva, ile mashine kubwa moja ya ofisini yenye kulisha simu za watu wote? Au kwenye mashine-mteja, yaani kila quartier iwe na mashine yake, na ndani yake ramani nzima?

Swali hilo dogo limetuchukua zaidi ya miaka mitatu, na nasema kwa fahari kwamba hatujalikimbia. Kila kitu kimekimbia mkoa huu, isipokuwa CORAKU mbele ya swali lake.

(Makofi ya watumishi wa CORAKU, wanaovaa kofia za CORAKU.)

Tazameni uzito wake. Wale wa upande wa seva walisema: barabara zetu zinabadilika kila siku, asubuhi ni za serikali, mchana ni za wale tusiowataja, jioni ni za wale wanaosema wao siyo wale. Ukiwa na seva, unabadilisha rangi ya barabara mara moja tu, ofisini, na simu zote za Goma zinaona. Nikasema, kweli kabisa. Kisha wale wa upande wa mteja wakasimama, wakasema: na siku réseau, yaani mtandao, ikikatwa?

(Watu wanaangalia simu zao. Réseau imekatwa tangu asubuhi.)

Nikasema, kweli kabisa. Mashine-mteja haihitaji réseau, ramani yote iko ndani, unaifungua hata ukiwa chini ya kitanda. Ila barabara ikibadilika, lazima mtu apite quartier kwa quartier kuibadilisha, na huyo mtu atapita barabara gani? Mnaona? Wasomi walilala na swali hilo. Na juu ya hayo kuna swali la utawala, ambalo nililileta mimi mwenyewe: raia akikaa na ramani nzima nyumbani kwake, ataanza kukimbia bila kuarifu. Leo anakimbia bila kuarifu, kesho anarudi bila kuarifu, na mwishowe tutakuwa tunaongoza nini?

(Mwakilishi wa Mwakilishi anatikisa kichwa kwa uchungu wa kiutawala.)

Ndipo ikazuka rebellion. Msishtuke, siyo ile ya msituni, ni ya ndani ya ofisi. Wenzetu wa mashine-mteja walituacha usiku mmoja, wakachukua mihuri miwili na photocopieuse, wakajitangaza CORAKU-Rénovée. Baada ya muda nao wakagawanyika, maana photocopieuse ilikuwa moja. Sisi tukaita mazungumzo ya amani, hoteli ile ile, samaki yule yule, na tukamaliza kwa njia yetu tuliyoizoea: brassage, kuchanganya wote! Waasi wote walirudi ofisini wakiwa wakurugenzi wasaidizi. Leo hii CORAKU ina wakurugenzi wasaidizi wengi kuliko quartiers za Goma, na asilimia tisini na nne kati yao wanaunga mkono mjadala uendelee. Asilimia sita hawakujibu. Walikuwa wamelala, na usingizi pia ni alama ya usalama.

(Mlio mwingine, karibu zaidi. Vumbi kidogo linaanguka kutoka kwenye bati la darasa. Donatille anamkalisha mama yake juu ya sanduku la mbao lililowekwa kando ya mimbari.)

Mama! Mama! Nani amemkalisha muzee juu ya seva?

(Sanduku limepakwa rangi ya buluu na kuandikwa kwa herufi kubwa: SEVA. FRAGILE. MUTU ASIGUSE.)

(Muzee Uwingabire: “Mutoto yangu, nisamehe. Niliona ni kiti.”)

Hicho siyo kiti, mama muzee, huo ni ubongo wa mkoa! Inuka taratibu, usitikise. Protokole iko wapi? Mnajua historia ya sanduku hilo? Wacha niwaeleze, ili muliheshimu. Mlima ulipolipuka projet ilikuwa bado haijazaliwa, lakini tangu sanduku hili lilipotoka kwa fundi, hakuna tetemeko lililolikuta Goma. Ardhi ikitingishika kidogo, sisi tunakuwa wa kwanza kulihamisha. Tunafika port, pale bandarini, tunaambia watu, tupisheni, tumebeba seva, na wananchi wema wanapisha. Kuna mama mjamzito aliyetoa nafasi yake kwenye boti, akabaki kwenye ngazi anatupungia mkono, au labda alikuwa anaita, injini zilikuwa na kelele. Huo ndio uzalendo. Kwa hivyo ninaweza kusema bila woga: kila mara hatari ilipokuja Goma, ramani ya kukimbilia ilikuwa tayari imekimbia!

(Makofi yanaanza, yanafikiri, yanaacha.)

(Donatille: “Papa Coordonnateur, hiyo sanduku tunaijua. Siku vita ilifika Rutshuru, jeep yenu ilitoka Kiwanja mbio, ikapita kwetu Kalengera. Nilikuwa kando ya barabara na mama yangu, nikanyoosha mukono. Ikasimama. Dirisha ikafunguka. Mukaniambia, nafasi hakuna, tumebeba seva.”)

Na ilikuwa kweli, mama! Tulikuwa tumepeleka seva Kiwanja kwa uchunguzi wa hewa, kuona kama itapenda kukaa huko.

(Donatille: “Ilikuwa pa kiti cha nyuma, Papa, peke yake, imefungwa mukaba. Mama yangu akatembea Kalengera mupaka Goma. Ndjo pale miguu yake ilibakia. Na leo hata kuikalia?”)

(Watu: “Akae! Muzee akae!” Janvier: “Kama ni ubongo, basi iwe na mutu juu yake!” Muzee Uwingabire haonekani kuwa na nia ya kuinuka. Kofia moja ya CORAKU inajaribu kuvuta sanduku ili kulihamisha, inalivuta kwa nguvu ya mtu anayetarajia uzito, na nusura ianguke chali pamoja na bibi.)

Acheni, acheni. Katika moyo wa mawasiliano na wananchi, ninaruhusu muzee akae, lakini akae upande mmoja tu, upande usio na takwimu.

Narudi kwenye mafanikio. Tumefanya safari za masomo nje ya nchi kuangalia jinsi wenzetu wanavyokaa na seva zao, na tumegundua kwamba wanaziweka mahali pa baridi. Tukachukua hatua, tukaweka climatiseur ofisini kwangu, ambayo inafanya kazi vizuri na inangojea seva. Tumefundisha wakurugenzi wasaidizi kutamka neno “cartographie” mbele ya wafadhili. Tumesimamisha panneau kubwa, yaani bango, pale rond-point, linasema HAPA NDIPO INAANZA NJIA YA WOKOVU, na ingawa vijana wa moto wanalitumia kama kivuli, kivuli pia ni huduma. Na kuhusu swali kubwa, seva au mteja, ninayo furaha kutangaza leo, mbele yenu, mbele ya Mwakilishi wa Mwakilishi, kwamba komite imepata njia ya tatu.

(Waliokuwa wanafunga magodoro wanaacha kamba. Donatille anashika mkono wa mama yake.)

Tutaunda sous-komite, yaani komite ndogo.

(Mguno mrefu.)

Sous-komite hiyo itakuwa na watu wa seva nusu, watu wa mteja nusu, na mwenyekiti asiyejua tofauti, ili awe huru. Nimekubali mzigo huo mimi mwenyewe.

(Janvier: “Papa, hiyo mushale hata kama haujui, usote na kidole tu, utuonyeshe! Sake? Barrière? Port? Sota tu!” Wengine: “Usote!”)

Vijana, kiongozi hasoti na kidole. Kidole hakina étude, yaani utafiti. Nikiwaambia leo, bila rapport, pita hapa, na kesho mkafika salama, mtasemaje? Mtasema ramani haina kazi, kidole kinatosha! Mtakuwa mmeua projet. Hapana, siwezi kuwasaidia kwa njia ya fujo.

(Mlio wa tatu. Kioo cha darasa la nne kinapasuka. Mwakilishi wa Mwakilishi anaangalia saa, kisha anaangalia lango. Nje ya lango kuna jeep nyeupe, injini inanguruma, na Gradi, chauffeur, ameshika usukani kwa mikono miwili.)

Naona muda umetubana, na protokole inanionyesha ishara. Point ya divers tutaisogeza kwenye kikao kijacho. Basi tumalize kama wananchi. Nitasema CORAKU, mtasema Oyee. CORAKU!

(“Oyee,” kofia tisa.)

Ramani!

(“Kwa wote,” kofia tano.)

Kukimbia!

(“Kwa mpango,” Mwakilishi wa Mwakilishi, akiwa tayari amesimama.)

Na sasa, kwa sababu mutu asiyeshukuru ni sawa na mnyama, nitoe shukrani, na shukrani zangu zisikatwe.

Namshukuru Mheshimiwa kwa kutuamini bila kutuuliza. Nawashukuru wafadhili kwa kutuuliza bila kusikiliza jibu. Namshukuru fundi Zihindula, seremala wa hapa Katindo, aliyetengeneza sanduku lile zuri la buluu, na ambaye mpaka leo ananifuata nyumbani ananiuliza, Papa, kile kitu cha kuingia ndani kina urefu gani, na mimi namjibu kwa uvumilivu: Zihindula, nitajuaje urefu wa kitu ambacho sijakiona? Maana watu wenye haraka walitaka tununue mashine na programu kabla ya kuamua zitakaa wapi. Lakini mutu mwenye heshima hanunui kitanda kabla ya kujua chumba. Kwa hivyo hatukununua. Hatukununua mashine, hatukununua programu, hatukuchora hata barabara moja, na kwa sababu hiyo, nasema kwa kichwa juu, CORAKU haijafanya kosa hata moja la kiufundi.

(Uwanja mzima unageuka kuangalia sanduku. Muzee Uwingabire anainama, anagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Ndani kunaitika utupu.)

(Muzee Uwingabire: “Hee, Donatille. Nilitembea Kalengera mupaka hapa sababu ya hewa.”)

Nawashukuru pia watu wadogo, maana bila wadogo wakubwa hatuonekani. Namshukuru chauffeur wangu Gradi, ambaye tangu asubuhi ameegesha jeep na pua ikiangalia port, siyo Sake, siyo barrière, kwa maana alipigiwa simu na watu wenye kujua, mapema, wakati réseau bado ipo, wakamwambia Sake imekwisha, barrière imefungwa, ni ziwa tu. Na ninamshukuru mwenye boti kubwa ya bidhaa pale port, aliyekubali kutungojea mpaka nimalize hotuba hii, boti nzima, nafasi ya watu mia tatu, ingawa sisi ni kumi na wanne na…

(Vichwa vyote vinageukia pua ya jeep, pale langoni.)

(Janvier, polepole: “Mumesikia?”)

(Donatille: “Tumesikia.”)

(Janvier: “Wakubwa hawaseme njia. Jeep yao ndjo inasema. Twende, mama! Port!”)

Wananchi, nilikuwa kwenye shukrani! Shukrani siyo tangazo! Kaeni! Yale maneno yalikuwa ya protokole!

(Uwanja unainuka wote pamoja: magodoro, sufuria, watoto migongoni, mbuzi wawili. Janvier analeta chukudu yake mpaka mimbarini. Anambeba muzee Uwingabire kwa mkono mmoja na sanduku kwa mkono mwingine, na sanduku ni jepesi kama manyoya. Anaweka sanduku juu ya chukudu, anamkalisha bibi juu ya sanduku, Donatille anafunga kamba kiunoni mwa mama yake.)

Hiyo ni mali ya projet! Bwana Chef wa quartier, zuia! Seva haiwezi kutoka bila ordre de mission, kibali cha safari!

(Chef wa quartier amekwisha kutoka. Ana godoro kichwani.)

(Donatille, akisukuma chukudu kutoka nyuma: “Papa Coordonnateur, usisumbuke kuunda ile sous-komite. Swali limekwisha. Tumeiweka kwa mteja.”)

Bwana Secrétaire, usiandike hilo! Andika… andika kwamba kikao kimeahirishwa katika hali ya furaha kubwa. Ban ya mwisho, tatu, tatu, moja!

(Hakuna wa kuipiga. Coordonnateur Léopold anakusanya karatasi, anakimbilia jeep, Mwakilishi wa Mwakilishi mbele yake. Milango inafungwa. Jeep inaondoka pale langoni, inasimama. Barabara ya port imejaa watu kutoka ukuta mpaka ukuta, wanashuka kwa utulivu, njia moja. Gradi anapiga honi. Hakuna anayegeuka.)

Gradi! Waambie wapishe! Waambie kama siku zote, tumebeba seva!

(Gradi anaangalia kiti cha nyuma, kisha anaangalia mbele, ambako juu ya vichwa vyote, kwenye chukudu, bibi mmoja anakwenda akiwa amekaa wima kama askofu.)

(Gradi: “Patron, seva ile pale mbele. Mama muzee eko amekaa juu yake.”)